Draya ya Gesi Inapozunguka Bila Joto: Niliyojifunza Nikiishi Minnesota

Mimi nilikulia Mombasa, ambako kanga ikianikwa asubuhi hukusanywa kabla ya adhuhuri, na sikuwahi kufikiri kwamba ningekuja kuijua kwa undani mashine ya kukaushia nguo. Katika vitongoji vya kaskazini ya Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota huku Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi tumejenga maisha, hali ni tofauti kabisa. Mwezi wa Januari nguo iliyoanikwa nje huganda ikawa ngumu, na ikianikwa ndani hujaza madirisha unyevu unaogeuka barafu. Kwa hiyo draya, kama tunavyoiita huku, ni chombo cha lazima, na katika nyumba nyingi za eneo hili draya hiyo hutumia gesi asilia kwa ajili ya joto na umeme wa kawaida wa volti 120 kwa ajili ya kuzungusha pipa. Ni vizuri kuutambua mgawanyo huo mapema, kwa sababu ndio unaoeleza malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi: mashine inazunguka vizuri, inaunguruma kama kawaida, lakini nguo zinatoka zikiwa baridi na mbichi.

Nilianza kwa kutengeneza draya ya nyumbani kwangu, kisha ya shemeji yangu, kisha jamaa na majirani wakaanza kunipigia simu, hasa majira ya baridi. Sina karakana wala sifanyi biashara hiyo, lakini kwa miaka kadhaa nimechuchumaa mbele ya mashine nyingi za namna hii, na msimamo nilioupata ni kwamba tatizo la joto lazima lisomwe kwa macho na masikio kabla ya bisibisi kushikwa. Sehemu zinazowasha moto katika draya ya gesi hufanya kazi kwa mpangilio usiobadilika, na mahali mpangilio huo unapokatikia ndipo ubovu ulipo. Mtu anayenunua vipuri kwa kubahatisha hutumia fedha nyingi kuliko anayekaa sakafuni kwa robo saa na tochi mkononi.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Kitufe cha kuanzisha kikibonyezwa, mota huzungusha pipa na feni kwa pamoja, na inapofikia kasi yake, swichi ndogo iliyofungwa kwenye mota hiyo huruhusu umeme uende upande wa moto. Ndiyo maana draya ambayo mota yake haizunguki haiwezi kufungua gesi. Umeme huo hupita kwenye thamostati, yaani swichi inayokata umeme joto likifikia kiwango chake, na katika mashine nyingi kwenye fyuzi ya joto pia, hadi kwenye kiwashio, ambacho ni kipande cha silikoni kabaidi kilicho mbele ya mdomo wa kichomeo. Kiwashio huanza kuwa chekundu, kisha hung'aa kwa rangi ya machungwa iliyokolea, na kwa kawaida hilo halichukui zaidi ya dakika moja. Ubavuni mwa bomba la kichomeo kuna kihisi cha moto, ambacho ncha zake mbili zimegusana wakati kikiwa baridi. Joto la kiwashio likikipiga, ncha hizo huachana, na umeme uliokuwa ukipitia hapo hulazimika kupitia koili ya pili ya vali ya gesi. Hapo husikika mlio mfupi, vali hufunguka, gesi hutoka na kuwaka kwa mvumo ambao ukishauzoea huwezi kuusahau. Kiwashio huzimika mara hiyo, kwa kuwa umeme unaobaki kukifikia ni kidogo mno, na kuanzia hapo ni joto la mwale wenyewe linalozizuia ncha za kihisi zisirudi kugusana.

Nimeueleza mpangilio huu kwa urefu kwa sababu karibu kila uamuzi ninaoufanya hutoka humo. Katika mashine nyingi kichomeo kiko chini, upande wa mbele, nyuma ya ubao wa bati unaotoka kwa kubanduliwa au kwa kufungua skrubu chache, na baadhi zina kitundu cha kuchungulia kilichofunikwa kwa kifuniko kidogo. Ninapoondoa ubao huo, kwanza nimechomoa plagi; ninapotaka kutazama moto ninairudisha plagi, lakini mikono yangu inabaki mbali, kwa kuwa mle ndani kuna umeme, mwale, na mkanda unaozunguka.

Draya ya shemeji yangu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilikuwa ikiwaka vizuri mwanzoni mwa kila mzunguko, ikapasha nguo kwa muda, kisha joto likatoweka na lisirudi. Asubuhi ya siku iliyofuata ilikuwa nzima tena, kama vile haikuwahi kuugua. Fundi aliyeitwa alimwambia kwamba vali nzima ya gesi imeharibika, akamtajia bei iliyokaribia ya mashine mpya. Tulipokaa na kuitazama, mara ya kwanza moto uliwaka sawasawa, ukazimwa na thamostati kama inavyotakiwa, na pipa likaendelea kuzunguka. Mara iliyofuata kiwashio kiling'aa, kikafikia rangi yake kamili, kikazimika, na gesi haikuja. Baada ya muda kikang'aa tena, kikazimika tena, gesi ikakosekana tena. Kiwashio kilikuwa kizima, maana kilikuwa kinang'aa, na kihisi pia kilikuwa kizima, maana kiliachana na kukizima kiwashio. Kilichobaki ni koili za vali, ambazo kazi yake ni kuinua vizibo vya vali hiyo kwa nguvu ya sumaku.

Shemeji, ambaye ni mtu wa kuhoji, alishika mita ya kupimia umeme akapima na kusema, "Lakini shemeji, mita inaonyesha koili hizi ni nzima."

"Ni nzima zikiwa baridi," nilimjibu. "Tuzipime zikishapata moto."

Hilo ndilo jambo linalowapoteza wengi. Koili ni waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi sana, na ukichoka, ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme, ambao hupimwa kwa omu, huwa sawa waya ukiwa baridi lakini hubadilika au njia hukatika kabisa unapopata joto, hata nguvu ya sumaku isitoshe kuinua kizibo. Katika aina moja ya vali iliyoenea sana Marekani, koili yenye ncha tatu hupaswa kuonyesha takriban omu 1,365 kati ya ncha ya kwanza na ya pili na takriban omu 560 kati ya ya kwanza na ya tatu, ilhali koili yenye ncha mbili huonyesha takriban omu 1,220. Takwimu hizo zinafaa, lakini mimi sizipi uzito kuliko kile nilichokiona kwa macho. Kiwashio kikimaliza kazi yake kikazimika bila gesi kuja, na hali hiyo ikatokea mashine ikiwa imeshapata moto, ninabadilisha koili zote kwa pamoja hata kama mita inazisifu. Huuzwa kwa seti kwa bei ndogo, hukaa juu ya vali zikiwa zimebanwa kwa kipande cha bati chenye skrubu mbili, na kuzibadilisha hakuhitaji kuifungua njia ya gesi yenyewe. Hata hivyo huwa ninafunga koki ya gesi na kuchomoa plagi kwanza. Draya ya shemeji imerudi kukausha kama zamani, na vali iliyohukumiwa kifo bado iko ndani yake.

Dalili mbili zilizobaki ni rahisi zaidi kuzisoma. Kiwashio kikiendelea kung'aa dakika baada ya dakika bila kuzimika na bila mlio wowote wa vali, kihisi cha moto ndicho kimeganda, ncha zake hazitaki kuachana. Kiwashio kisipong'aa kabisa, basi umeme haukifiki au chenyewe kimevunjika, na hapo ndipo mita inakuwa na kazi ya kweli. Ninachomoa plagi, ninaondoa nyaya za sehemu ninayoipima ili mita isidanganywe na njia nyingine, kisha ninapima sehemu moja moja: kiwashio, ambacho katika aina nyingi husoma kati ya omu 50 na 400, kihisi, ambacho kikiwa baridi kinapaswa kupitisha umeme bila kizuizi, thamostati, na fyuzi ya joto. Kiwashio kina tabia ya kupasuka mahali ambapo jicho halipaoni kwa urahisi, na ni chepesi kuvunjika kiasi kwamba ninakishika kwenye sehemu yake ya kauri tu.

Fyuzi ya joto inastahili maneno yake yenyewe. Ni kifaa kidogo kilichofungwa karibu na feni, ambacho hukatika moja kwa moja hewa inayotoka inapopita kiwango cha joto kilichowekwa, mara nyingi karibu nyuzi 90 za selsiasi. Haijirudishi, ikikatika hubadilishwa. Katika baadhi ya mashine ikikatika mota nayo haizunguki, na katika nyingine ni joto tu linalopotea. Mama mmoja kutoka Lubumbashi, jirani yetu, aliniita baada ya fyuzi yake kukatika na kubadilishwa, ikakatika tena, hadi mtu fulani akaamua kuiruka kwa kipande cha waya. Mashine ilikuwa inawaka, kweli, lakini bati lake la juu lilikuwa moto kiasi cha kutogusika. Niliuondoa ule waya kabla sijamsalimia sawasawa, naye akanielewa.

"Baba, sasa haitawaka tena," alisema.

"Haitawaka leo, mama. Acha tutafute ni nini kinachoichoma."

Ilichomwa na hewa iliyokosa njia. Draya haikaushi nguo kwa moto peke yake. Hukausha kwa kuvuta hewa, kuipitisha juu ya mwale, kuiingiza ndani ya pipa, kuichuja, na kuitupa nje ikiwa imebeba unyevu. Hewa ikizuiwa, joto hulundikana kwenye kichomeo, thamostati ya kikomo hukata moto mapema, unawaka tena, unakatwa tena, na nguo hukaa ndani saa nzima zikiwa zimepashwa bila kukauka. Watu huliita hilo kukosa joto, na wanaanza kununua viwashio na koili, wakati moto wenyewe hauna kasoro. Nyuma ya mashine ya mama yule, bomba jepesi la karatasi ya alumini lilikuwa limebanwa na ukuta hadi likawa bapa, na kwenye mdomo wa nje ndege walikuwa wamejenga kiota. Tuliondoa vyote viwili, tukafunga bomba gumu la bati lenye kipenyo cha inchi 4, tukaunganisha maungio kwa utepe wa alumini badala ya skrubu, kwa sababu ncha ya skrubu inayochungulia ndani ya bomba hukusanya nyuzinyuzi za nguo siku baada ya siku. Fyuzi mpya tuliyoiweka siku ile haijakatika.

Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani huweka kikomo cha kawaida cha bomba hilo kuwa futi 35, yaani karibu mita 10 na nusu, na kila kona ya nyuzi 90 hupunguza futi 5 katika kipimo hicho. Mdomo wa nje hauruhusiwi kuwa na wavu, jambo linalowashangaza wengi wanaotaka kuzuia panya, kwa kuwa wavu huo huziba kwa nyuzinyuzi haraka. Bomba la plastiki halifai kabisa. Hizi si sheria za kuwasumbua watu: ofisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia takwimu za moto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 draya zilisababisha moto takriban 2,900 kwa mwaka katika majengo ya makazi, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutozisafisha.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijafungua ubao wowote, ninatoka nje. Ninamwomba mwenyeji aanzishe mashine, kisha ninasimama mbele ya mdomo wa bomba na kuangalia kama kile kifuniko chake kinainuka kikamilifu na kama hewa inapiga kiganja kwa nguvu. Februari moja nilikuta kifuniko kimegandishwa na barafu iliyotokana na unyevu wa nguo zenyewe, na kazi yote ikaishia hapo kwa bakuli la maji ya vuguvugu. Baada ya theluji nzito ninawakumbusha jamaa waangalie mdomo huo, hasa kama uko karibu na ardhi, kwa sababu katika draya ya gesi hewa iliyozuiwa huwa imebeba pia moshi wa mwako, na ndani yake inaweza kuwemo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Ndiyo maana sikubali kuijaribu draya ya gesi ikiwa imetenganishwa na bomba lake huku imefungiwa ndani ya nyumba, ingawa ni jaribio ambalo watu hulifanya bila wasiwasi kwenye draya za umeme.

Chujio nalo hudanganya. Linaweza kuonekana safi, nyuzinyuzi zote zimetolewa, na bado hewa isipite, kwa sababu vile vitambaa vya kulainishia nguo huacha utando mwembamba wa nta kwenye matundu yake. Ninalishika chini ya bomba la maji. Maji yakituama juu yake badala ya kupenya, ninalisugua kwa brashi na sabuni ya vyombo, ninalikausha, ninalirudisha. Utando huohuo hukaa kwenye vipande viwili vya chuma vilivyomo ndani ya pipa, ambavyo mashine za kisasa huvitumia kupima unyevu. Vikifunikwa, mashine hudhani nguo zimekauka na kusimama mapema, na mwenyewe anapiga simu akisema hakuna joto.

Yapo pia mambo yasiyohitaji fundi. Niliwahi kuendesha gari kwenye barafu hadi upande wa pili wa mji, nikakuta kidude cha kuchagulia kimewekwa kwenye hewa bila joto. Mtoto alikuwa amekizungusha. Tangu hapo naliuliza hilo kwenye simu. Ninauliza pia kama jiko linawaka, kwa kuwa gesi ikikatika nyumba nzima draya haina la kufanya, na kama mkono wa koki iliyo nyuma ya mashine umelala sambamba na bomba, maana ukikingama umefungwa. Halafu ninauliza kuhusu mashine ya kufulia. Ikiwa haizungushi kwa kasi mwishoni, nguo hutoka zikichuruzika maji, na hakuna draya inayoweza kuzikausha kwa muda wa kawaida. Lawama huangukia mashine isiyo na hatia.

Jamaa wanaoishi mashambani, nje ya mtandao wa mabomba ya gesi asilia, hutumia propani iliyowekwa kwenye tangi kubwa uani. Gesi hiyo ina nishati takriban mara mbili na nusu ya gesi asilia kwa ujazo ule ule, hivyo draya iliyotengenezwa kwa gesi asilia haiwezi kuunganishwa nayo kabla ya kubadilishwa tundu la kutolea gesi, na vali kurekebishwa kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Mtu anayehama kutoka mjini na kubeba draya yake aliangalie hilo kabla ya kitu kingine. Mwale mzuri ni wa buluu. Ukiwa mrefu na wa manjano, mashine izimwe.

Suala la uvujaji halikunihitaji nijifunze upya, kwa sababu sisi tuliotumia mitungi ya gesi nyumbani tunajua kupaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama kama linatoa mapovu. Ninafanya hivyo hivyo kila ninaposogeza draya, hata kama sikugusa ungio lolote, kwa kuwa bomba linalopindika la kuunganishia linaweza kuumia kwa kuvutwa. Likishaondolewa silirudishi, ninanunua jipya. Harufu ya gesi ikiwa kali, sishiki sabuni wala swichi ya taa: sote tunatoka, na simu kwa kampuni ya gesi au zimamoto inapigwa tukiwa nje.

Baada ya kubadilisha kipuri siondoki mara moja. Ninaweka nguo zilizolowa, ninarudisha bomba la nje, ninaisubiri mashine iwashe, izime na iwashe tena mara kadhaa, kwa kuwa koili mbovu hujificha katika mzunguko wa kwanza. Vipuri ninavinunua kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko karibu na mlango, kamwe si kwa kufananisha sura, maana viwashio viwili vinaweza kufanana kwa umbo na kutofautiana kwa ukinzani. Vali inayovuja yenyewe na bomba lililo ndani ya ukuta ninamwachia fundi mwenye leseni, na mpangaji ninamshauri amwite mwenye nyumba, kwa kuwa mashine ni yake na gharama ni yake.